Uyoga, sonona na moyo unaoogopa kuachwa

Swali: "Daktari, shikamoo. Nina miaka 31. Huu ni mwaka wa sita natibiwa sonona. Nimepewa dawa za aina tatu, hakuna iliyonisaidia kwa muda mrefu. Mwaka jana daktari mpya aliniambia kwamba pamoja na sonona nina tatizo la haiba la bodalaini. Nimesoma kuwa watu wenye sonona sugu wanapona kwa kikao kimoja cha silosibini, ile kemikali ya kwenye uyoga. Kuna bwana anaendesha vikao vya siri, amekubali kunipokea mwezi ujao, ila amesema niache dawa zangu wiki mbili kabla. Ninameza fluoksetini, dawa ya sonona, na lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka. Daktari wangu hajui lolote. Nifanye nini? Na je, nimwambie?"

Marahaba, dada yangu. Nina mengi ya kukuambia, lakini la lithiamu halisubiri, kwa hiyo naanza nalo.

Usitumie uyoga ukiwa na lithiamu mwilini. Mwaka 2021 watafiti walikusanya masimulizi ambayo watu waliyaandika mtandaoni baada ya kuchanganya lithiamu na silosibini au LSD, kemikali nyingine inayoleta maono. Yalikuwa 62, na asilimia 47 yalieleza mtu kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa. Ni kweli kwamba aliyepatwa na balaa huandika kuliko aliyelala salama, kwa hiyo kiwango halisi huenda kikawa chini. Hata ukikigawa mara tatu, mimi sikuingizi humo.

Wala usiiache lithiamu kwa mkupuo. Ikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo, na mawazo ya kujiua yakarudi pamoja nao. Fluoksetini nayo ina tabia yake: hiyo dawa na zao lake hukawia kutoka mwilini, hata wiki tano baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo wiki mbili za huyo bwana hazikusafishi. Zinakuacha mahali pabaya kabisa, dawa imepungua kiasi cha kufungulia sonona mlango, lakini bado ipo kiasi cha kufifisha huo uyoga wenyewe. Mtu anayetoa muda mmoja kwa dawa mbili zisizofanana hata kidogo hajui alichokishika mkononi. Sisemi ana nia mbaya. Nimekutana na wengi wa aina yake, na karibu wote wanaamini kwa dhati kwamba wanasaidia watu.

Sasa tuje kwenye ulichosoma, kwa sababu hukudanganywa. Kina ukweli ndani yake.

Silosibini si kitu kipya kwa madaktari. Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi ambaye miaka kumi na mitano kabla alikuwa amegundua nguvu ya LSD, aliichambua kutoka kwenye uyoga mwaka 1958. Hospitali kadhaa za Ulaya na Amerika zilitumia dawa hizi kwa wagonjwa hadi miaka ya 1960. Kisha ukaja mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 uliozibana dawa hizi, na utafiti ukalala kwa miongo. Uliamka polepole, na kwa upande wa sonona sugu kazi iliyowashtua wengi ilitoka London mwaka 2016: wagonjwa 12 tu, bila kundi la kulinganisha, lakini nafuu waliyoipata ilikuwa kubwa kiasi kwamba haikuweza kupuuzwa.

Ikiingia mwilini, silosibini hugeuka kuwa silosini, na silosini hushika vipokezi vya serotonini vya aina ya 2A, ambavyo vimejaa kwenye gamba la ubongo. Kwa saa nne hadi sita, mitandao ya ubongo iliyozoea kufanya kazi kwa utaratibu wake hulegea, na sehemu ambazo kwa kawaida haziongei sana huanza kuongea. Maji hufuata mkondo, na mawazo ya mtu mwenye sonona ni hivyo hivyo: sifai, nimechelewa, hakuna atakayebaki. Nadharia inayokubalika zaidi ni kwamba dawa hii husawazisha mchanga kwa muda mfupi, maji yakapata nafasi ya kupita kwingine. Lakini mkondo mpya haujichimbi wenyewe. Ndiyo maana katika majaribio dawa haitolewi peke yake, na neno tiba linahusu kifurushi kizima.

Nikuoneshe siku yenyewe ilivyo. Mgonjwa ameshakaa na watu wawili watakaomsindikiza, mara mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, hata amejua sauti zao. Amekubaliana nao mapema kama anaweza kushikwa mkono akiogopa, na ni mkono tu. Asubuhi anapimwa presha. Anapewa kidonge na glasi ya maji, analala kitandani kwenye chumba kilichopangwa kama cha nyumbani, anafungwa kitambaa machoni na kuvikwa vipokea sauti vyenye muziki uliochaguliwa. Dakika ishirini, arobaini, kimya. Kisha mwili unaanza kuwa mzito au mwepesi mno, rangi zinatembea nyuma ya kope, na mambo ya zamani yanakuja bila kuitwa. Wengine hulia saa mbili mfululizo. Wengine huogopa kweli kweli, wakaamini wanakufa. Wasindikizaji hawahubiri wala hawatafsiri. Wanakaa tu, wanasema "tupo hapa," wanasubiri. Jioni mtu anachukuliwa na ndugu. Kesho yake anarudi kuzungumza, na wiki ijayo tena. Nimeeleza kwa kirefu ili ujue kwamba kidonge ni sehemu ndogo ya siku hiyo, na siku hiyo ni sehemu ndogo ya tiba.

Matokeo yakoje? Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2022 lilikuwa na watu 233 wenye sonona iliyokataa dawa. Wiki tatu baada ya kipimo kimoja cha miligramu 25, asilimia 29 walikuwa wametoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 waliopewa miligramu moja, kipimo kidogo kilichowekwa kwa ajili ya kulinganisha. Hayo ni mafanikio, na kwa watu walioshindwa na dawa nyingine ni mafanikio makubwa. Lakini ukisogea hadi wiki ya kumi na mbili, waliobaki na nafuu ya maana kwa muda wote huo kwenye kundi la miligramu 25 ni mmoja kati ya watano. Mwaka mmoja kabla, watafiti wa London walikuwa wameishindanisha silosibini na esitalopramu, dawa ya kawaida ya sonona, kwa watu 59. Kwenye kipimo kikuu walichokuwa wamekichagua tangu mwanzo, tofauti haikutosha kusema moja imeishinda nyingine. Na Juni 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio la hatua ya tatu, ambapo silosibini ilishinda dawa bandia kwa pointi 3.6 kwenye mizani ya sonona yenye pointi 60. Imeshinda, ndiyo. Ila ukisikia mtu anasema kikao kimoja kinaponya, mkumbushe namba hizo.

Kuna ugumu mwingine ambao watafiti wenyewe wanaukiri. Huwezi kumficha mtu kama amepewa silosibini au kidonge kitupu; baada ya saa moja anajua. Aliyepata kitupu baada ya kungoja miezi huvunjika moyo, na aliyepata dawa yenyewe hujawa na matumaini. Matumaini yenyewe yanatibu sonona kiasi fulani, na kuvunjika moyo kunaizidisha. Kwa hiyo sehemu ya tofauti tunayoiona inatoka hapo, na hakuna aliyepata njia safi ya kuitenganisha.

Yote hayo yanahusu sonona. Wewe una jambo la pili, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kwanza.

Haiba ni namna mtu alivyojengeka kujiona na kuhusiana na wengine. Kwenye bodalaini namna hiyo ina jeraha: hofu ya kuachwa isiyolala, hisia zinazopanda kama moto wa nyasi na kukawia kushuka, mtu mmoja kuwa malaika asubuhi na shetani jioni, na wewe mwenyewe usijue hasa u nani usipokuwa na mtu wa kukuambia. Wengi hujikata au kujiunguza, kwa sababu maumivu ya ngozi yanatulia kuliko yale mengine. Sijui kama wewe unafanya hivyo. Kama unafanya, huandikiwi hapa na mtu wa kukushangaa.

Majaribio karibu yote niliyokutajia yaliwazuia watu wenye bodalaini kushiriki. Ina maana namba zile, nzuri na mbaya, hazikuhusu. Kuna tafiti ndogo ndogo za pembeni, kwa mfano ya Uhispania iliyowafuatilia watu wenye dalili za bodalaini waliotumia ayahuaska, kinywaji cha mimea ya Amazoni kinacholeta maono, na kuona nafuu ya muda mfupi katika kutawala hisia. Inatia moyo kuendelea kutafiti. Haitoshi kumpeleka mgonjwa huko. Na ayahuaska ikikutana na fluoksetini inaweza kufurisha serotonini hadi kuua, kwa hiyo usije ukaihamia hiyo.

Zamani watu wenye matatizo ya haiba hawakuzuiwa, na tunajua kilichotokea mahali pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya ulinzi mkali kule Ontario, Kanada, wanaume waliohesabiwa kuwa hawana huruma wala majuto walifungiwa uchi siku kadhaa katika chumba kidogo kisicho na dirisha, wakilishwa vyakula vya maji kupitia mirija ukutani, na baadhi wakipewa LSD. Wazo lilikuwa kwamba wakivunjwa kinga zao, utu wa kweli utatoka. Utafiti uliochapishwa 1992 ulionesha kwamba watu wa namna hiyo waliopitia programu ile walirudia uhalifu wa kikatili kuliko wenzao waliokaa gerezani tu. Bodalaini ni tatizo tofauti kabisa na lile, na mambo mengi ya kinyama yalichanganywa pale. Siwezi kuitwisha LSD peke yake. Nakitaja kisa hiki kwa sababu wazo lile, la kumvunja mtu ili apone, bado linatembea. Nalisikia kwenye maneno ya waendesha vikao wanaposema "lazima nafsi ife". Mtu mwenye bodalaini hana nafsi iliyozidi ugumu. Kazi yake ni kuijenga.

Nikusimulie kijana mmoja niliyemtibu, mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha. Alikuja kwangu siku ya kumi na moja baada ya kikao cha uyoga cha siri. Alisema siku nne za kwanza zilikuwa bora kuliko zote maishani mwake: aliwasamehe wazazi, alilala, alikula. Kisha ikaanza kupungua, kidogo kidogo, kama betri. Alinionesha simu. Alikuwa amemwandikia aliyemwongoza ujumbe kumi na saba. Wa kwanza ulikuwa wa shukrani. Wa tano ulikuwa swali. Wa kumi na mbili ulikuwa matusi, wa kumi na tatu ukamwomba radhi kwa hayo matusi. Wa mwisho, wa saa tisa usiku, ulikuwa na neno moja: "Upo?" Hakujibiwa hata mmoja baada ya siku ya pili. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji. Uyoga haukumdhuru hata chembe, nadhani. Alichokiona humo kilikuwa cha kweli na hadi leo anakithamini. Kilichomwumiza ni kufunguliwa kifua na mtu kisha mtu huyo akaondoka, jambo lilelile lililomfanya augue tangu utotoni.

Hata kwenye jaribio lenye madaktari na simu za dharura hatari hiyo ilionekana. Katika lile la 2022, watu watatu wa kundi la miligramu 25 walipata matukio ya kutaka kujiua wiki kadhaa baadaye, na wote watatu walikuwa miongoni mwa wale ambao dawa haikuwasaidia. Fikiria: umeambiwa hii ndiyo tiba ya mwisho, umeifikia, haijafanya kitu. Kwa mtu ambaye kukata tamaa kwake kunashuka kwa dakika, siku hizo zinahitaji mtu wa karibu, anayejua kazi, kila siku.

Na kuna la kuguswa. Chini ya dawa hizi mtu huamini haraka na hawezi kukataa vizuri. Katika jaribio moja la MDMA, kemikali nyingine inayojaribiwa pamoja na tiba ya mazungumzo, huko Kanada, wawili waliokuwa wakimtibu mwanamke walilala naye kitandani na kumshika kwa namna isiyokubalika, na kamera ikarekodi. Makala za kisayansi zilizotumia data za huko zikaja kuondolewa na jarida mwaka 2024. Hilo lilitokea kwenye chumba chenye kamera na itifaki iliyoandikwa. Chumba cha huyo bwana wako kina nini?

Sasa nikupe habari ambayo naona hukuambiwa ulipopewa jina la ugonjwa wako. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wagonjwa 290 wa bodalaini waliokuwa wamelazwa, yaani wale wa hali mbaya. Ndani ya miaka kumi, asilimia 93 walifika mahali ambapo dalili zilikuwa zimepungua chini ya kiwango cha ugonjwa kwa angalau miaka miwili mfululizo. Kurudi kwenye kazi na mahusiano thabiti kulikuwa kugumu zaidi, nusu hivi ndio waliofika huko, na sikufichi hilo. Lakini ugonjwa unalegea. Unalegea zaidi kwa tiba za mazungumzo zilizotengenezwa mahsusi: ile iitwayo DBT, iliyobuniwa na Marsha Linehan na kupimwa kwa mara ya kwanza kwenye jaribio la 1991, inayofundisha kwa vitendo namna ya kuvuka saa moja ya hisia kali bila kujiumiza, na ile ya Anthony Bateman na Peter Fonagy, inayomzoeza mtu kusoma kilichomo akilini mwake na mwa mwenzake kabla hajahukumu. Zote huchukua mwaka au zaidi, na mtu yuleyule kila wiki. Hakuna dawa ya kumeza iliyoidhinishwa kwa ajili ya bodalaini yenyewe.

Na hapa ndipo penye jibu la kwa nini dawa tatu hazikukusaidia. Sonona inapokaa juu ya bodalaini, mara nyingi hainyenyekei dawa. Utafiti uliowafuatilia watu wenye yote mawili ulionesha kwamba bodalaini ikipata nafuu, sonona nayo hufuata. Sonona ikipata nafuu kwanza, bodalaini haifuati. Umetibiwa miaka sita kuanzia mwisho. Kabla hujajiita mwenye sonona sugu, jiulize kama umewahi kupata hata miezi mitatu ya tiba iliyolenga haiba. Kwa ulivyoandika, sidhani.

Mimi si mpinzani wa dawa hizi. Nadhani siku moja silosibini, au MDMA inayopunguza hofu ya kumkaribia mtu, itapata nafasi kwa watu kama wewe, katikati ya tiba ndefu, mwezi wa nane pengine, mkiwa mmeshagombana na mtaalamu wako na kupatana, na wewe umeshaona kwamba mtu anaweza kukukasirikia na Jumanne akawepo. Hapo kilichofunguliwa kina mahali pa kukaa. Lakini mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa maombi ya kuidhinisha MDMA kama tiba Agosti 2024, kwa hiyo njia bado ni ndefu. Australia iliruhusu tangu Julai 1, 2023 madaktari wa akili wenye kibali maalumu kuandika silosibini kwa sonona sugu. Kwingine kwingi, mlango halali ni majaribio ya kitabibu, na ukiulizwa kuhusu bodalaini kwenye usaili wa jaribio usiifiche. Kizuizi kile kimewekwa kwa ajili yako. Kama sonona itabaki nzito hata baada ya kutibiwa haiba, muulize daktari kuhusu esketamini ya puani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sonona iliyokataa dawa. Nayo haikupimwa kwa bodalaini, lakini angalau hutolewa kliniki, ukiangaliwa.

Swali lako la mwisho uliliweka kama nyongeza, nami naliona ndilo zito. Mwambie. Mwambie kabla hujabadilisha kidonge hata kimoja, na ukiketi tu, usingoje dakika ya mwisho ukiwa umeshika kitasa cha mlango. Ukishindwa kutamka, mpe simu asome ulichoniandikia mimi. Muulize pia kwa nini unameza lithiamu: kama ni kwa sababu aliwahi kushuku ugonjwa wa baipola, ule wa hisia kupaa na kuporomoka kupita kiasi, au kuna ndugu wa damu mwenye baipola au skizofrenia, hiyo ni sababu nyingine ya kukaa mbali na uyoga kabisa, hata kama humezi lithiamu. Na kama kabla ya siku ya miadi mawazo ya kujiua yatapata mpango na saa, usimngoje yeye. Nenda hospitali iliyo karibu usiku huohuo, na mtu.

Huenda akakasirika. Huenda uso wake ukabadilika kidogo, na wewe ukausoma kama kufukuzwa. Baki kwenye kiti, umwulize: "Umenikasirikia?" Msikilize jibu lote. Kisha niandikie alivyosema, nami nitakujibu.